Oti zimenishushia lehemu, lakini si kwa kijiko kimoja

Tangu nipimwe nikakutwa na lehemu (kolesteroli) nyingi, stendi nzima ya Busia imegeuka madaktari. Huyu ndimu na kitunguu saumu, yule majani ya mparachichi. Aliyeniudhi zaidi ni aliyeapa kwamba kijiko kimoja cha oti (oats) kwenye chai kinasafisha damu, maana alikuwa na nusu ya ukweli akaiharibu.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenifungua macho. Oti zina nyuzinyuzi aina ya beta-glukani. Zikifika tumboni hugeuka ute mzito unaonasa asidi za nyongo na kutoka nazo chooni. Ini likitaka kutengeneza nyongo nyingine, linachota lehemu kwenye damu. Sasa, zinahitajika gramu 3 za beta-glukani kila siku, yaani kama gramu 75 za oti kavu. Hilo ni bakuli la kushibisha mtu. Kijiko kitafanya nini?

Tabu ni kwamba naendesha teksi ya Kampala na natoka alfajiri. Mama watoto alijaribu kuzipika usiku; asubuhi zilibanduka bakulini kama ugali wa jana, hazimezeki. Ndipo nikagundua chupa ya chakula ya kutunza joto, ile themosi yenye mdomo mpana. Naisuuza kwa maji ya moto ipate joto, namimina oti, chumvi kidogo na maji yanayochemka, nafunga kabisa. Nikifika Iganga nafungua: zimeiva, nzito, mvuke unapanda usoni! Nachanganya karanga za kusaga na bogoya (ndizi mbivu), sukari sitii. Tukisimama Namawojjolo, kabla ya Kampala, abiria wakigombea kuku na gonja (ndizi za kuchoma) madirishani, mimi nimeshiba zamani.

Vile vipakiti vyenye ladha na sukari viache. Nunua oti za kawaida. Kwa mwezi natumia kama shilingi elfu arobaini za Uganda hivi.

LDL yangu, ile lehemu mbaya, imetoka 4.4 hadi 4.0. Wenzangu wanauliza, "Hiyo tu?" Ndiyo, na nimefurahi sana, kwa sababu kazi ya oti ni kupunguza asilimia 5 hadi 10 hivi. Aliyeandikiwa vidonge asivitupe.

Ukianza, anza na nusu bakuli na unywe maji mengi. Konda wangu alilimaliza zima siku ya kwanza, akashinda na gesi tumboni mpaka Kampala.