Tafakari ya wiki: Mwanamke wa Endori alipika

Bwana Yesu asifiwe sana wapendwa. Huku kwetu Mwanga, Kigoma, umeme umekatika tangu jioni, naandikia kwenye simu na chaji imebaki nusu, mtanivumilia nikirukaruka.

Wiki hii ilikuwa tuendelee na Wafilipi ila naomba Wafilipi isubiri kwanza maana kuna jambo limenikaa kifuani na nikilibeba mpaka Jumapili litanishinda. Mnakumbuka wale mabinti wawili wa kikundi chetu waliouliza kama ni dhambi kusoma riwaya za wachawi, zile za mapenzi wanazoazimana. Wengi mlitaka nijibu palepale. Mi nikasema ngoja nisome mwenyewe, Mithali 18:13 inasema anayejibu kabla hajasikia ni upumbavu na aibu kwake. Basi nikaazima.

Ni siriizi ya mama mmoja Mmarekani, Deborah Harkness, ambaye ni mwanahistoria. Kitabu cha kwanza, A Discovery of Witches, kilitoka 2011, viwili vikafuata 2012 na 2014. Virefu jamani, cha kwanza peke yake kimenichukua wiki tatu, nasoma usiku watoto wakishalala. Kuna dada msomi anaitwa Diana Bishop, amezaliwa ukoo wa wachawi lakini huo uchawi hautaki, anataka maisha ya kawaida na utafiti wake kwenye maktaba ya Oxford kule Uingereza. Siku moja anaagiza kitabu cha kale kumbe kitabu chenyewe kinatafutwa na viumbe wa kila namna, na hapo ndo anakutana na Matthew, mnyonya damu aliyeishi miaka elfu moja na mia tano. Wana sheria yao kwamba mchawi na mnyonya damu hawaruhusiwi kupendana. Wakapendana.

Nasema kweli mbele za Mungu, niliipenda. Nilipenda jinsi huyo dada anavyoangaliwa. Mwanaume anajua huyu ni mchawi, anamuona nguvu zikimtoka hata bila yeye kutaka, na hakimbii wala haiti watu, anamwandalia chakula cha usiku. Nikakumbuka 1 Yohana 4:18, katika pendo hamna hofu, lakini pendo lililo kamili huitupa nje hofu. Huo mstari nimeufundisha miaka na miaka, ila usiku ule niliusikia kama mtu amenigongea dirisha. (Kuna nisichokipenda pia, Matthew anamwamulia yule dada mambo mengi mno, mabinti zangu msije mkadhani kuamuliwa kila kitu ndo kupendwa, hapana.)

Sasa sikilizeni hapa. Mapema tu tunaambiwa wazazi wa Diana waliuawa Nigeria yeye akiwa na miaka saba, na siku zote ameamini waliuawa na watu wa kule waliowaogopa. Niliumia, nikasema ndo hivyo, Afrika tunatajwa kwenye kuua tu. Nikaendelea kusoma, kumbe waliowaua ni wachawi wenzao, watu wa jamii yao kabisa. Nikafunga kitabu nikalala chali naangalia neti. Maana na kwetu anayekuita mchawi sio mgeni kutoka mbali, ni shemeji, ni mtoto wa kaka, ni jirani uliyemshikia mwanae siku anazaliwa.

Ukoo wa Diana kwenye hadithi umeunganishwa na watu wa kweli wa Salem huko Marekani, walioshtakiwa kwa uchawi mwaka 1692. Bridget Bishop alikuwa wa kwanza kunyongwa, mwezi wa sita. Wakanyongwa kumi na tisa, na mzee mwingine akafa kwa kukandamizwa na mawe. Na wote hao mashtaka yao yaliletwa na watu wanaosali, wenye Biblia nyumbani. Mimi aliyenikaa ni Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, mshirika wa kanisa. Jopo la mahakama kwanza lilisema hana hatia, likarudishwa kufikiri upya, akaulizwa swali kuhusu neno alilosema, hakujibu. Hakujibu kwa sababu masikio yalikuwa mazito na moyo umejaa huzuni, alikuja kueleza baadae. Kunyamaza kwake wakakuhesabu hatia. Kanisa lake likamtenga, tarehe 19 Julai akanyongwa, na kanisa hilohilo likaja kufuta ule utengo mwaka 1712, miaka ishirini yupo kaburini.

Najua kuna mtu hapa ameshashika Kutoka 22:18, usimwache mwanamke mchawi kuishi. Ipo, siifuti. Wala sisemi uchawi haupo, Biblia inautaja na mimi naamini Biblia. Ila Torati hiyohiyo kwenye Kumbukumbu 17:6 inadai mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajauawa. Macho mekundu sio shahidi. Ndoto ya mtu mwenye homa sio shahidi. Na wale wa Efeso kwenye Matendo 19:19 waliochoma vitabu vya uganga vya thamani ya fedha hamsini elfu, someni taratibu, walileta vya kwao wenyewe, hakuna aliyeingia nyumbani kwa bibi wa jirani.

Hapa sasa ndo penye kifua changu. Wote mnaijua kamchape, wale wanaoitwa kijijini kuja kusaka wachawi. Wa Kasulu mnaijua, wa Kibondo, wa Uvinza, serikali inakataza na bado wanaitwa, watu wanachangishana. Kijijini kwa mama yangu kulikuwa na bibi mmoja anapika mawese. Sisi wadogo tulikuwa tunashinda kwake, anachemsha chikichi kwenye pipa tangu alfajiri, moto anaukoleza kwa makapi ya chikichi zilizokwisha kukamuliwa na yale makapi yana mafuta, moshi wake mweusi mzito unakaa chini ya paa hautoki. Yeye yupo mle ndani amepiga magoti anapuliza. Anatoka nje macho mekundu kama nyanya, machozi yanamtiririka, anatucheka sisi tunaokohoa. Miaka arobaini ya moshi ule. Mume akafa, watoto wawili wakafa, macho yakazidi kuwa mekundu, na watu wakaanza kuyasema yale macho.

Mwaka juzi mjomba akanipigia, kijiji kimekubaliana wanaleta kamchape, kila familia inachangia, na nyie wa mjini mtume. Sikuuliza wanamtafuta nani. Nilijua. Nikatuma elfu tano kwa simu nikiwa nimesimama sokoni, nikaendelea kuchagua dagaa.

Wakaenda wakachimba ndani kwake, wakatoa pembe wakasema imetoka chini ya kitanda. Akatozwa faini. Akaondoka na kifurushi kimoja cha nguo akaenda kwa bintie Uvinza. Nikaambiwa kwa simu nikasema Mungu awasaidie, na Jumatano yake nikafundisha somo la upendo hapa kwenye kikundi, baadhi yenu mlikuwepo.

Kuna kitu nilijifunza baadae kikanimaliza. Hilo jina kamchape asili yake ni kule Nyasa, Malawi ya leo, linatokana na neno la kufua nguo. Yaani wanakuja kukifua kijiji. Na mimi kila pasaka naimba Ufunuo 7:14, wamefua mavazi yao na kuyafanya meupe katika damu ya Mwana-Kondoo. Sasa kama nimeshafuliwa na damu ile, elfu tano yangu ilienda kununua sabuni gani?

Baada ya Salem jaji mmoja aliyekuwa mle kwenye hukumu, Samuel Sewall, mwaka 1697 alimpa mchungaji wake karatasi, na karatasi inasomwa kanisani Boston yeye amesimama mbele ya watu wote, kwamba anabeba lawama na aibu ya yale. Jaji. Amesimama wima wenzake wamekaa. Niliposoma hilo nikajua lazima niende Uvinza.

Njiani kwenye basi nilisoma 1 Samweli 28. Tunamwita mchawi wa Endori, Biblia inasema mwanamke mwenye pepo wa utambuzi, na alichofanya hakikuwa sawa, sitetei. Ila someni mpaka mwisho wa sura, huwa tunaishia kwa nabii Samweli aliyekwisha kufa kupanda. Mfalme Sauli ndiye aliyewafukuza watu kama huyu mama nchini, kisha usiku anajibadilisha nguo anamfuata kwa siri. Anapewa habari mbaya, anaanguka chini, hajala mchana kutwa wala usiku kucha. Na huyu mwanamke, ambaye mfalme alikuwa anamtafuta, anamsogelea, anamwambia ule kidogo upate nguvu za kwenda. Anakataa. Yeye na watumishi wa Sauli wanambembeleza mpaka anainuka anakaa kitandani. Mama ana ndama mmoja aliyenona nyumbani, anamchinja, anakanda unga, anaoka mikate. Kwa mtu ambaye kesho yake anakufa na hana cha kumlipa.

Nilimkuta bibi yuko nje kwenye kivuli cha ukuta. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yaleyale. Nikapiga goti nikamwamkia, akanishika uso kwa mikono miwili anautafuta, akataja jina la mama yangu. Nikaanza kumwambia taratibu, kwa sauti ya chini, maana binti yake na wajukuu walikuwa hapo wanachambua maharage na majirani wawili wamekaa nao. Nikamaliza yote. Akasema, sikusikii mama, sikio limekufa hili, sema kwa nguvu.

Wapendwa, nilitaka kuondoka. Nikasimama. Nikasema kwa nguvu, bibi, mimi nilituma pesa ya kamchape, elfu tano, nilijua ni wewe. Mikono kwenye ungo ikasimama. Jirani mmoja akageuka kuniangalia.

Bibi akakaa kimya muda kidogo, anajifuta macho kwa pindo la khanga kama anavyofanya siku zote. Akasema, najua. Walisoma majina ya waliochanga uwanjani, na lako lilisomwa, lilikuwa la tatu.

Kisha akaita chakula. Ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa mawese kwenye bakuli moja, tunanawa kwenye beseni moja. Mi nilikuwa sijala tangu Kigoma na mkono ulikuwa hauendi. Akapapasa ndani ya bakuli mpaka akapata kile kipande chenye mayai, akakikata, akakiweka upande wangu.