Sare ya leo

Leo kwenye sataranji mimi na mpinzani wangu tumegawana pointi, nusu kwangu na nusu kwake, na nimeridhika kuliko nilivyoridhika na ushindi wangu mwingi. Naandika mambo yakiwa bado ya moto.

Alama zetu za Elo, zile zinazopima uwezo wa mchezaji, zinakaribiana, na tangu ufunguzi ilionekana hakuna atakayempa mwenzake mwanya. Kila nilipotafuta upenyo, farasi wake alikuwa ameshafika. Baada ya kubadilishana malkia nilipata askari mmoja wa ziada, tukabaki na kete ya ngome moja moja. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mwenzangu aliijua vizuri kinga ya Philidor, yule mchezaji Mfaransa wa karne ya 18. Mfalme wake alisimama mbele ya askari wangu, ngome ikakaa mstari wa 6 kutoka upande wangu, ikienda kushoto na kulia tu, ikimzuia mfalme wangu asipande. Asiyejua angedhani anapoteza muda. Lakini nilipomsukuma askari hadi mstari huohuo wa 6, ngome yake ikashuka papo hapo mpaka mstari wa 1, ikaanza kumpa mfalme wangu shaha, yaani kumtishia moja kwa moja, kutoka nyuma. Pa kujificha hapakuwepo tena, maana askari aliyekuwa ngao yake alikwisha kumtangulia. Shaha, nasogea. Shaha tena, narudi. Saa yake ilikuwa inakaribia kuisha, na bado hakukosea hata mara moja.

Huwa naumia nikisikia sare ikiitwa mchezo mtupu. Mwaka 2018 jijini London, wakigombea ubingwa wa dunia, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare michezo yote 12 ya kawaida, hadi bingwa akapatikana kwa michezo ya kasi. Karpov na Kasparov walianza pambano lao la ubingwa wa dunia mwaka 1984, wakacheza michezo 48, na 40 kati yake ikawa sare. Februari 1985 likasitishwa bila mshindi. Hawa hawakuwa wakikwepana. Kila shimo alilochimba mmoja, mwingine alishaliona.

Tulipeana mikono, kisha tukakaa kuupitia mchezo. Tulirudisha kete hadi pale malkia walipotoka, tukajaribu kuwabakiza ubaoni, akanionyesha shaha za mfululizo ambazo zingeninyima ushindi. Nami nikamwonyesha hatua ya askari wa pembeni niliyodhani ingemtikisa. Kumbe alishaipigia hesabu wakati tunacheza.