Siku Moja Maishani Mwangu: Kuku Jike Aliyewika

Saa 10 na nusu alfajiri. Kimara bado giza, na kuku wa bibi jirani anawika. Angekuwa jogoo ningejigeuza nikaendelea kulala, lakini huyu ni jike. Aliacha kutaga, upanga wa kichwani ukaanza kukua na kuwa mwekundu, na sasa ndiyo hivi, anawika kwa sauti ya mlango wenye kutu.

"Huu uchuro, mwanangu," bibi ananiambia nikipita na ndoo. "Leo namchinja."

Namwomba asubiri jioni nimwangalie. Haniitikii.

Saa 12 na robo. Mwendokasi umejaa kama kawaida. Nashuka Shekilango, naingia soko la kuku. Jogoo mmoja, tetea mmoja, bata wawili weupe, dume na jike. "Daktari, leo unapasua wangapi?" Mimi fundi wa maabara tu, naandaa vielelezo vya wanafunzi, ila hilo jina nimechoka kulikataa. Bata jike anapiga kelele mpaka watu wanageuka. Dume anakoroma kama mwenye mafua.

Saa 3. Tunachinja kwa bismillahi hata maabara, maana nyama haitupwi. Kisha kile ninachokipenda kuliko vyote: jogoo hana kichwa, nambana kifua ghafla, na sauti inatoka. Hafifu, lakini ni sauti. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeruka nyuma.

Binadamu sauti yake iko kwenye koromeo, juu. Ya ndege iko chini kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Kiungo hicho kinaitwa sirinksi. Navuta bomba taratibu kwa koleo, nasafisha mafuta, na pembeni zinaonekana nyuzi mbili za msuli zinazoshuka mpaka mfupa wa kidari. Za jogoo ni nene, nyekundu. Za tetea ukivuta vibaya zinakatika.

"Si kwa sababu jogoo ni mkubwa?" anauliza binti wa mstari wa nyuma. Swali zuri, na kwa kuku peke yake huwezi kulimaliza kwa macho. Ndiyo maana wataalamu wanampenda zebra finch, ndege mdogo wa Australia. Dume na jike miili yao inalingana, ila anayeimba ni dume, na misuli ya sirinksi yake inakaribia kuwa na uzito mara mbili ya ile ya jike. Jike akipewa testosteroni, homoni ya kiume, yake nayo inanenepa. Na dume hapewi bure: utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba asipoimba siku chache tu misuli hiyo inapoteza nguvu, na majike wanausikia huo ulegevu kwenye wimbo.

Kwa bata, tofauti iko kwenye mfupa. Sirinksi ya dume ina kipira cha mfupa upande wa kushoto, jike hana. Mwenye kifaa cha ziada ndiye mwenye sauti ya mafua. Hapo wanafunzi wanacheka, nami nawaacha wacheke.

Saa 7 umeme unakatika. Tunamalizia dirishani.

Saa 9 na nusu. Nakunywa chai nje, na kichakani dudumizi wanapokezana, mume na mke, duu-duu-duu kama maji yanayomiminwa kutoka chupani. Mwanafunzi aliyeandika daftarini "majike hawaimbi" namwonyesha kwa kidole. Namwambia na habari za Usangu, Mbeya, alikochunguzwa dudumizi mweusi: jike ni mkubwa zaidi, ndiye anayeimba kulinda eneo, na dume ndiye anayeatamia.

Saa 1 jioni. Nafika nakuta manyoya.

"Nilikungoja mpaka alasiri," bibi anasema. Ila matumbo ameniwekea kwenye bakuli. Nawasha tochi ya simu. Kuku jike kwa kawaida hutumia kifuko cha mayai cha kushoto tu. Cha huyu kimesinyaa, kigumu kama kokoto, na upande wa kulia, pasipotakiwa kuwa na kitu, kuna kijinyama kama haragwe. Kushoto kukiharibika, kulia huweza kuamka na kutoa homoni za kiume. Namsimulia bibi kuhusu Berthold, Mjerumani aliyehasi majogoo wachanga na kuchapisha matokeo mwaka 1849: walioachwa hivyo hawakuwika kama jogoo, upanga ukabaki mdogo, lakini waliorudishiwa korodani tumboni waliwika.

"Kwa hiyo si uchuro?"

"Ni ugonjwa, bibi."

"Na ugonjwa ni nini?" Ananipa bakuli jingine, la supu.

Shingo nimeiomba, na bomba la hewa lote mpaka kwenye sirinksi. Ipo kwenye friza, ndani ya mfuko mweusi, chini ya dagaa. Mke wangu hajaiona.