Miezi yangu ya kwanza kwenye ofisi ya mbunge mpya, Ontario

Tulianza na simu moja, kompyuta mbili zilizokuwa bado kwenye maboksi na viti vya kuazima. Ilikuwa Mei 2025, wiki chache baada ya uchaguzi wa tarehe 28 Aprili. Bosi wangu alikuwa ameingia bungeni kwa mara ya kwanza, mmoja kati ya wabunge 343 wa Kanada, na mimi, mtoto wa Kigoma niliyegonga milango ya watu wakati wa kampeni, nikapewa kazi kwenye ofisi yake ya jimboni. Nilijua nitaandika hotuba. Kumbe naenda kupokea simu.

Faili za mbunge aliyetangulia hatukuzikuta. Mtu akimkabidhi mbunge mambo yake ya siri, hayo hayahami na kiti bila ridhaa yake mwenyewe. Basi kila mwenye shida ilibidi aanze kueleza upya, na wengi walieleza kwa sauti ya juu.

Bosi mwenyewe alikuwa Ottawa. Tarehe 26 Mei walimchagua Spika, kesho yake Mfalme Charles akasoma hotuba ya kufungua Bunge, kisha vikao vikaendelea hadi Juni. Alikuwa akinipigia usiku, amechoka, bado anapotea kwenye korido za West Block, jengo wanalokutania wakati lile kuu linakarabatiwa. Swali lake halikubadilika: leo wamekuja wangapi, wanataka nini?

Walikuja wengi, maana habari zilishaenea kwamba pale kuna dada anayeongea Kiswahili. Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania. Swali la kwanza kwangu lilikuwa msimbo wa posta, kwa sababu mbunge anahudumia watu wa jimbo lake tu. Na hapo hapo Kiswahili chenyewe kikanigeuka. Mama mmoja wa Kivu nilimwambia, "Mama, wewe si wa jimbo letu." Akanikazia macho. "Binti yangu, jimbo si ni Ontario? Mimi naishi wapi, Quebec?" Kwao Kongo jimbo ni lile eneo kubwa lenye gavana; kwetu Tanzania ni eneo la mbunge. Tulibishana dakika tano kila mmoja akiwa na haki yake. Tangu siku hiyo nasema "eneo la mheshimiwa", na Ontario naiita mkoa, ingawa ni kubwa kuliko Tanzania nzima.

Hilo la "mheshimiwa" nalo lina kisa chake. Bosi alitaka aitwe kwa jina lake la kwanza, kama wafanyavyo wengi huku. Wazee wakakataa katakata. Mzee mmoja aliniambia hawezi kumwita mbunge kama anavyomwita mtoto wa jirani. Bosi akasalimu amri.

Kosa langu kubwa lilitokea Juni. Mama mmoja alikuwa amemwombea mumewe, aliyebaki Kigoma, aje kuungana naye, na kwa miezi hakusikia chochote. Nilimhurumia kupita kiasi, labda kwa sababu ya hiyo Kigoma. Nikajaza fomu ya ridhaa, akatia sahihi, nikatuma swali uhamiaji siku ile ile na kumwambia, "Mheshimiwa atalishughulikia, usiwe na wasiwasi."

Kauli hiyo sikupaswa kuitoa. Ofisi ya mbunge haiamui ombi la mtu wala hailisogezi mbele ya mengine. Tunachoweza ni kuuliza kupitia laini iliyotengwa kwa ofisi za wabunge: faili limefika wapi, ni karatasi gani inasubiriwa. Na hata hilo lilirudi. Sahihi ya mama haikutosha. Ombi la ukaazi ni la mume, mtu mzima, kwa hiyo naye lazima aridhie kwa mkono wake. Mama alikuwa anapiga simu kila asubuhi akiamini kazi inaendelea, na mimi ndiye niliyemwaminisha.

Nilimpigia nikamwomba radhi. Hakugomba. Aliuliza tu, "Sasa tunafanyaje?" Fomu tukaituma kwa WhatsApp, mume akaichapisha kwenye duka la steshenari, akasaini na kutupigia picha. Picha ya kwanza kidole gumba kilifunika tarehe. Ya pili ilikuwa na ukungu. Ya tatu ikapita. Jibu lilipokuja lilikuwa jepesi hadi likaniuma: barua ya kumtaka afanye vipimo vya afya ilikuwa imetumwa kwenye baruapepe ambayo aliacha kuitumia alipopoteza simu.

Baada ya hapo nilichukua karatasi ya manjano nikachora safu tatu za nani anashughulikia nini. Ya kwanza Ottawa, yaani serikali kuu: uhamiaji, pasipoti, kodi ya mapato, pensheni ya wazee, bima ya waliopoteza kazi. Ya pili mkoa: kadi ya afya, shule, leseni ya udereva. Ya tatu jiji: takataka, mabasi, orodha ya nyumba za bei nafuu. Chini nikaandika kwa Kiswahili watu waende wapi na wabebe nini, pamoja na jambo ambalo wengi hawalijui: barua kwa mbunge bungeni Ottawa haihitaji stempu. Karatasi hiyo nimetoa nakala sijui mara ngapi.

Isiyokuwa na safu ni kadi ya mchango. Kijana alileta ya harusi, mwingine ya msiba, mwingine akauliza mfuko wa jimbo unatoa ada lini. Nyumbani mbunge ana mfuko wa maendeleo na watu wanajua njia ya kuufikia. Huku hakuna. Bajeti ya ofisi ni ya mishahara, pango na machapisho. Kuchangia nayo sherehe ni marufuku. Kulieleza hilo kwa Kiswahili bila kuonekana umekuwa mzungu ni kazi, na sidhani kama nimeiweza.

Bunge liliporejea tarehe 15 Septemba, hatimaye nikapewa hotuba yangu. Sekunde 60! Hizo ndizo anazopata mbunge wa kawaida kutoa kauli kabla ya kipindi cha maswali, na zikiisha Spika anamkata. Bosi alitaka kuisalimu jamii yetu na afungue kwa neno la Kiswahili. Niliisoma kwa sauti na saa ya simu: dakika 1 na sekunde 24. Nikaondoa sifa za bosi, zikabaki sekunde 71.

Nikiwa kwenye kukata, yule mama akaingia. Mume ameshapimwa, alisema, wanasubiri. Nikampa pongezi. Akavuta kiti.

"Sasa binti, akija tutalala wapi? Nina chumba kimoja. Mwambie mheshimiwa atutafutie nyumba."

Nikampa karatasi ya manjano. Aliisoma taratibu, akaweka kidole kwenye safu ya tatu.

"Hapa?"

"Hapo hapo, mama. Ni mtaa wa pili tu, nenda na kitambulisho."

Akaikunja, akaitia kwenye pochi, akaondoka. Nikasoma tena. Sekunde 66.