Kishada nilichokisifu ndicho kilichooza

Mama Neema alinikuta nimepiga magoti uani saa tano usiku, nimeuma simu mdomoni ili inimulike, vidole vyangu viwili vimepanua ua la mbangi kama daktari anayetazama koo la mtoto. Alisimama mlangoni na kanga mabegani. Akanitazama muda mrefu, halafu akasema, "Baba Neema, hata mwanao alipokuwa na homa hukukesha hivi."

Si kweli, nilikesha. Ila nilinyamaza, maana wakati ule nilikuwa nimekwisha kuiona ile rangi ya majivu ndani ya kishada, na moyo ulikuwa umenishuka.

Kwanza nieleze niko wapi, nisije nikamponza mtu. Naishi Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada, mwaka wa kumi na saba sasa. Hapa sheria ya bangi ilianza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, na kila nyumba inaruhusiwa kupanda mimea minne. Minne kwa nyumba, si minne kwa kila mtu. Mkiishi watu wazima sita, bado ni minne. Jimbo jirani la Quebec hawataki hata mmoja nyumbani, wakapelekana mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2023 jimbo likashinda. Ukipanga nyumba, mwenye nyumba anaweza kukukatalia kwenye mkataba. Na hata kama Marekani iko ng'ambo ya ziwa tu, na yako majimbo yao yanayoruhusu, kuvuka mpaka na hata jani moja ni kosa.

Kwa wasomaji wangu mlioko nyumbani: Tanzania kulima bangi kunaweza kukufikisha jela miaka 30. Kenya nako ni kosa. Kwa hiyo kama unasoma hapa ukiwa Arumeru au Tarime, soma kama hadithi ya mzee mmoja na uwanja wake, kisha kamwagilie mchicha.

Ndiyo, natumia. Kidogo, Jumamosi usiku, nikimaliza wiki ya zamu ghalani. Lakini nikisema ukweli, kuvuta kwenyewe si kitu kikubwa kwangu. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Lushoto. Baba alilima nyanya na kabichi kwenye mteremko, tukateremsha matenga mpaka Mombo kwenye lami, malori yakachukua kwenda Dar. Nilipofika huku nikakaa miaka kumi bila kugusa udongo. Halafu tukapata nyumba yenye kauwanja nyuma, hatua kumi na mbili kwa nane, nimepima. Watu wa hapa wana ukuta wa mawe unaopita katikati ya mji, wanauita mlima. Mimi nimezaliwa Usambara, kwa hiyo huwa nanyamaza tu.

Nilidhani nitajua. Mmea ni mmea. Mwaka wa kwanza ukanifundisha kwamba nilikuwa najua nusu.

Nusu niliyoijua ni udongo. Wa hapa kwangu ni mfinyanzi, mvua ikinyesha unashika maji kama bakuli, ukikauka unapasuka. Nilikwisha kuona nyanya za baba zikinyauka mchana kweupe na udongo umelowa, mizizi imeoza chini. Kwa hiyo sikupanda ardhini. Nilinunua mifuko ya kitambaa, ile ya kama lita 60, nikachanganya udongo mwepesi, mboji, na samadi ya ng'ombe iliyoiva mpaka hainuki tena. Mfuko wa kitambaa unapumua pembeni, maji ya ziada yanatoka, na una faida nyingine ambayo sikuijua mpaka mwaka wa pili: unahamishika.

Nusu nisiyoijua ni mchana. Lushoto jua linazama saa kumi na mbili na ushee, Januari hadi Desemba. Hakuna mmea unaopata nafasi ya kushangaa. Hapa mwezi wa Juni jua linakwenda kulala saa tatu usiku. Mbangi unahesabu giza. Usiku ukiwa mfupi wenyewe unaota tu majani na matawi, unanenepa, unapanda. Ukifika Agosti na usiku kuanza kurefuka, ndipo unashituka na kuanza kutoa maua. Sasa mfuko wangu mmoja niliuweka karibu na uchochoro wenye taa ya umeme inayowaka usiku kucha. Wenzake watatu wakachanua, wenyewe ukabaki umeduwaa, hauelewi kama ni usiku au ni mchana. Ulikuja kuanza maua wenzake wakiwa wamefika katikati, na barafu ya Oktoba ikaukuta bado mbichi. Niliung'oa nikiwa na glavu za baridi.

Kuhusu dume na jike, wala sikuhitaji kufundishwa. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri mpapai uzae na kugundua ni dume anaelewa. Tofauti ni kwamba kwa mbangi dume si hasara tu, ni adui: akichanua mmoja, majike yote yanajaa mbegu. Nilinunua mbegu zilizoandikwa kwamba ni jike tupu, na bado kila mwisho wa Julai napita na miwani ya kusomea nikikagua vifundo, pale tawi linapoungana na shina. Jike anatoa vinyweleo viwili vyeupe. Dume anatoa vijipumba kama punje za ulezi.

Basi mwaka wa pili nikasema sasa nimekomaa.

Nilisubiri mpaka ile wikiendi ya sikukuu ya Malkia Victoria, mwishoni mwa Mei, ambayo wazee wote wa bustani hapa wanaiamini kuliko redio. Miche ikatoka nje. Wiki ya kwanza niliizoesha kidogo kidogo, muda wa saa mbili kivulini, kesho yake muda wa saa nne, maana mche uliolelewa dirishani ukiutupa kwenye jua kali majani yanababuka meupe. Mitatu niliipanga upande wa kusini, wa nne karibu na banda la zana. Geti likawekwa kufuli, kwa sababu wajukuu huja Jumapili na mdogo anaweka kila kitu mdomoni.

Ikaota, jamani. Mwezi wa sita nilikata ncha ya kila mmoja, kama unavyokata ncha ya mmea wowote unaotaka utanuke badala ya kurefuka. Ikagawanyika ikawa vichaka. Nikaongeza mbolea. Majani yakawa ya kijani kizito, yanang'aa, ncha zake zimejikunja chini kama kucha za kuku. Nikaupiga picha kila mmoja. Nilidhani ile rangi ni afya. Leo nikiiona najua ni mmea ulioshibishwa kupita kiasi. Naitrojeni nyingi hulainisha majani, na jani laini ni karamu ya wadudu na ukungu. Baba angeniambia. Yeye alikuwa akiona nyanya imenawiri mno anasema hiyo ni majani ya mbuzi, msitegemee kitu.

Maji vilevile. Nilikuwa namwagilia kila jioni kwa sababu nilipenda kumwagilia. Nikirudi kazini, viatu vya chuma miguuni, nafungua bomba na kusimama pale dakika kumi, ndiyo raha yangu. Siku hizi nainua mfuko kidogo kwa ukingo: ukiwa mzito naacha, ukiwa mwepesi ndiyo namwagilia, asubuhi, chini kwenye udongo, majani yasilowe. Raha nimeitafutia mahali pengine.

Julai wakaja mbawakawa wa Kijapani, wale wa kijani na shaba, wazuri kama vipuli. Wanakula jani wakaacha mishipa tu. Nilikuwa nawaokota alfajiri wakiwa bado wazito kwa umande, nawatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Agosti nikaona unga mweupe kwenye majani ya chini. Huo naufahamu, ubwiri unga. Anayelima mikorosho Mtwara au zabibu Dodoma anaufahamu zaidi yangu, na ataniambia nipige salfa. Kwenye majani machanga sawa. Kwenye maua hapana, kitu utakachokuja kukivuta mapafuni hukipulizii dawa. Nikayang'oa majani yenye unga, nikaifuta mikono, nikaona nimeshinda.

Nilichokosa kuona ni kwamba vichaka vyangu vilikuwa vimegusana. Ukisimama ndani yake hupati upepo. Ndani mle ilikuwa joto na unyevu kama bafuni baada ya mtu kuoga.

Septemba vishada vikanenepa. Kimoja, cha juu kabisa kwenye mmea wa katikati, kilikuwa kinene kama mkono wangu, kimejaa, kinanata, kinanukia mpaka barabarani. Nikamwita jirani akione. Jirani yangu ni mzee Mreno, miaka themanini na kitu, ana zabibu zinazofunika nyuma yote ya nyumba yake na anatengeneza divai kwenye besimenti. Kiingereza chake na changu vinakutana katikati. Alikigusa kishada, akakibinya taratibu, uso wake ukakunjamana.

"Kimebana sana," akasema. Akanishika mkono mpaka kwake, akanionyesha kichala cha zabibu kilichojaa mpaka punje zinasukumana, akakipasua kwa kidole gumba. Nje kizuri. Ndani, kijivu. "Mvua ikija," akasema, akapuliza hewani, "fuu."

Mvua ikaja siku nne mfululizo, baridi, bila upepo.

Siku ya tano usiku ndipo nikawa nimepiga magoti na simu mdomoni. Dalili yenyewe ni ndogo mno. Hakuna kunyauka, hakuna harufu. Ni jani moja dogo katikati ya kishada limegeuka manjano na kukauka wakati wenzake wote wabichi. Ukilivuta linatoka bila ubishi. Panua hapo lilipotoka utaona shina limekuwa la kahawia, laini, na vumbi kama la jivu la sigara. Hiyo ni kuvu ya kijivu, ileile inayokula zabibu za Mzee na stroberi kwenye jokofu lako. Huanzia ndani, penye unyevu usiotoka, kwa hiyo kishada kikubwa kuliko vyote ndicho hutangulia. Wakati mwingine kiwavi ndiye humfungulia mlango: anatoboa, anaacha kinyesi chake mle, kuvu inapanga.

Nilikata usiku uleule, mpaka chini ya pale palipoharibika, mkasi naufuta kwa spiriti kila nikikata. Cha mkono mzima kikaenda kwenye mfuko wa plastiki na takataka, si kwenye mboji. Kulipokucha nikakuta vingine. Kwa jumla mmea wa katikati wote ulikwenda, na nusu ya wa kushoto. Kazini kijana mmoja akaniambia ningekata sehemu mbovu tu kisha nivute nzuri iliyobaki kwenye kishada hichohicho. Usifanye hivyo. Vumbi lile limekwisha kutapakaa kabla hujaliona, na mapafu hayana pa kulitemea.

Mama Neema hakucheka. Aliniletea chai uani, tangawizi nyingi, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Halafu akauliza kwa upole, jambo lililoniuma zaidi ya kicheko, "Sasa hivi vilivyo vidogo vidogo mbona vizima?"

Vile vidogo ni vya ule mmea wa karibu na banda. Ule sikuupenda. Ulipata jua pungufu, mara nyingi nilisahau kuumwagilia, mbolea iliishia kwa wenzake kabla sijaufikia. Ulikuwa mwembamba, matawi mbalimbali, upepo unapita ukipiga mluzi. Vishada vyake kama vidole. Haukupata doa hata moja. Niliuvuna tarehe 6 Oktoba, nikautundika besimenti gizani siku kumi, feni ikizunguka pembeni bila kuupiga moja kwa moja, na hicho ndicho nilichovuta mwaka mzima, kikatosha na kubaki.

Mwaka wa tatu nikafanya mambo mengine kabisa. Hatua mbili kati ya mfuko na mfuko. Mwishoni mwa Julai natoa majani ya ndani yasiyoona jua, na vitawi vya chini vyote, mpaka ukiinama unaona ukuta wa upande wa pili. Mbolea nusu ya iliyoandikwa kwenye pakiti, na Septemba hakuna. Asubuhi zenye umande natikisa kila tawi kabla ya kwenda kazini; majirani wameshazoea. Mvua ya siku nyingi ikitangazwa, naburuta mifuko chini ya paa la kibaraza. Na vishada vikikaribia, sisubiri vinenepe zaidi ili nijisifie. Nakata vile vya juu kwanza, vya chini navipa wiki nyingine.

Sheria inaniruhusu minne. Ili ipatikane ile nafasi, ikabidi nipande mitatu. Mfuko wa nne ukabaki mtupu pale penye jua zuri kuliko pote, na sikuwa nimeamua cha kuufanyia mpaka nilipotoka Jumamosi moja nikakuta umekwisha kupandwa mnavu. Mama Neema anauchuma kila Ijumaa. Wiki iliyopita nilimkuta ameinama juu yake na simu mkononi, taa imewashwa, anapanua majani.

"Kuna wadudu weusi wadogo wadogo," akaniambia bila kugeuka. "Njoo na miwani yako."