Laki mbili na kizibao

Jumanne nimeomba nyongeza ya mshahara. Naandika leo kabla sijaanza kujidanganya kwamba sikuogopa.

Mwaka wa sita huu nipo kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, juu ya duka la vipuri. Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya transiti, ile inayopita tu hapa kwenda nchi nyingine: kontena lishuke bandarini, hati zisomane, lori litoke, lipite Tunduma na Nakonde kuingia Zambia, livuke Kasumbalesa, lifike Lubumbashi, Kongo. Bibi yangu alinilea na ule msemo wa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaufanya dini. Wenzangu wakipiga picha getini wamevaa vizibao vya kung'aa na kuzirusha LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, mimi nacheka kimoyomoyo. Sikuwahi kujiuliza chema kikishajiuza, hela inashikwa na nani.

Mwezi wa tatu bosi alinirushia ujumbe wa sauti wa mteja wa Lubumbashi ili nimjibu. Nadhani hakuusikiliza mpaka mwisho. "Munipatie ule dada wa makaratasi." Basi. Niliurudia mara nne.

Siku hiyo nikanunua daftari la kurasa 48. Kila mteja aliyeniulizia mimi, nikamwandika na tarehe. Wiki tano, watu 11. Nikaongeza na ile bili ya shehena, hati ya meli inayoeleza mzigo, niliyoikamata saa nne usiku, uzito umepungua sifuri moja, meli bado iko nje haijafunga gati. Ingepita vile, mzigo ungekaa bandarini unakula storeji, ada ya kukaa pale, huku sisi tunaombana radhi kwa barua.

Nikaingia kwa bosi na daftari. Kodi ya nyumba sikuitaja, ada ya mtoto sikuitaja.

Mzee akafunua kurasa taratibu, akavua miwani. "Binti yangu, wanaita jina lako, sawa. Lakini namba wanayopiga ni ya ofisi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa "biashara ngumu". Hili sikuliwaza. Na lina ukweli: leseni ni yake, dhamana ya forodha inayobeba mizigo hiyo njiani ni yake. Mimi nina jicho na kumbukumbu tu.

"Ni kweli mzee," nikasema, sauti ikitetemeka. "Ila Agosti iliyopita nilipokuwa likizo, wawili walisema watasubiri nirudi. Namba ilikuwa ile ile."

Akacheka. Sijui kama ni kicheko kizuri. Akasema laki mbili kuanzia mwezi ujao.

Kwenye daladala nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Mshahara wangu ni 1,200,000, kwa hiyo nyongeza yote inaangukia kwenye kodi ya asilimia 30. NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10, yaani 20,000. Kodi ya kilichobaki, 54,000. Bodi ya Mikopo, deni la chuo, asilimia 15 ya nyongeza, yaani 30,000. Mkononi 96,000. Nikacheka peke yangu, kondakta akanitazama. Ningejua mapema ningetaja laki nne, naye angenishusha hadi tatu.

Kinachonikera si hela. Miaka mitano yote ile sauti zilikuwa zinaingia kwenye simu ya mtu mwingine, nami nikidhani kunyamaza ni adabu.

Usiku huu nimefungua akaunti LinkedIn. Jina, kazi, Dar es Salaam. Nafasi ya picha bado tupu. Kizibao nimekiacha ofisini.