Kalabo, kwa Wambunda

Basi la Lusaka lilitushusha Mongu, magharibi mwa Zambia, alfajiri, nami sikukaa. Nilipanda teksi ya kuchangia hadi Kalabo, maana huko niliambiwa nitawakuta watu wengi wa kabila la Wambunda. Barabara inakata uwanda wa mafuriko wa Zambezi kwa madaraja 26. Kabla haijazinduliwa mwaka 2016, mvua zikishanyesha watu walivuka kwa boti. Ukimaliza nyasi na maji, ardhi inainuka kidogo, mchanga unaanza, na mihogo nayo inaanza.

Mzee aliyenipokea alikuwa akigeuza mihogo kwenye chanja. Kila kipande alikivunja kwa kidole gumba, kikilia "ta!" alikitia kwenye gunia, kisipolia alikirudisha juani. "Mihogo hii tuliileta sisi, mwanangu," alisema, mjukuu wake akitafsiri.

Kwa simulizi zao, walitoka upande wa Angola chini ya Mwene (yaani chifu) Chiyengele, wakapokewa na Mulambwa, Litunga, yaani mfalme, wa Walozi. Baadaye Wakololo, watu wa asili ya Kisotho, walivamia kutoka kusini na kuwatawala Walozi hadi 1864, na Kilozi cha leo kimejengwa juu ya Kisotho chao. Kwa hiyo Kimbunda kilikuwa kikisikika huku kabla Kilozi hakijapata sura yake ya sasa. Wengine walikuja wakikimbia vita vya Wareno baada ya 1914, wengine wakikimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe Angola, vilivyokwisha 2002.

Hata hivyo Kimbunda hakimo katika lugha saba za wenyeji zinazofundishwa katika shule za Zambia. Mjukuu alisoma kwa Kilozi na Kiingereza. Kimbunda anakizungumza tu. Hilo liliniuma.

Kinachonipa moyo ni mukanda, jando lao. Wavulana hukaa porini mwezi hadi mitatu, na makishi, yaani mizimu ya wahenga iliyovaa vinyago, huwalinda. Waluvale, Wachokwe na Waluchazi nao wanayo, na UNESCO iliyatambua makishi mwaka 2005. Lakini mvulana wa Kimbunda nyimbo zake huzijifunza kwa Kimbunda. Kwangu mimi, hiyo ndiyo shule yao.

Jioni nilimwomba mjukuu aniandikie ubeti mmoja wa mukanda. Alikataa katakata: nyimbo zile haziandikwi wala haziimbwi mbele ya asiyeingia. Babu akacheka, akasema badala yake tuandike majina ya samaki. Tukaanza.